Kikundi cha wanaoacha pombe Dodoma: mkutano mzuri, mlango usioonekana

Kazi yangu ni ukaguzi wa ndani katika ofisi moja ya umma hapa Dodoma, na mkaguzi huzoea kutenganisha mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya: ubora wa huduma yenyewe, na uwezo wa mwananchi wa kawaida kuifikia huduma hiyo. Ninapotathmini kikundi cha kusaidiana cha watu wanaoacha pombe, ambacho nahudhuria kama mmoja wao wala si kama mgeni, nalazimika basi kutoa hati mbili. Mkutano wenyewe naupa hati safi, pamoja na kasoro nitakazozieleza bila kuzipunguza. Njia ya kuupata naipa hati yenye shaka, na hapo nimejizuia nisiseme zaidi.

Anayetaka kunywa katika mji huu hahitaji kuelekezwa. Baa zimejipanga Area C, Area D, Majengo na Nkuhungu, na pembezoni mwa mji viko vilabu vya pombe za kienyeji ambako ujimbi wa mtama na wanzuki hupatikana bila kutafutwa. Zabibu, ambazo hapa huvunwa mara mbili kwa mwaka, zimeuzoesha mkoa mzima kuuona mvinyo kuwa zao tu la kujivunia, sawa na alizeti au karanga. Tena, tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Makao Makuu kwa vitendo, watumishi wengi wamejikuta wakiishi hapa peke yao, huku wenzi na watoto wakibaki Dar es Salaam kwa sababu ya shule na kazi, na jioni ya mtu aliye peke yake katika mji asioufahamu huwa ndefu sana. Katika mazingira kama hayo mtu angetarajia kwamba msaada nao uwe na kibao barabarani. Hauna.

Nilianza kuulizia katika duka la dawa, nikauziwa vitamini. Katika kituo kimoja cha afya muuguzi alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akasema, "Baba, hilo ni suala lako na Mungu wako," akamwita mgonjwa aliyefuata. Nyumba ya upataji nafuu, ambayo wengi huiita soba hausi, ilinipokea vizuri zaidi, lakini huduma yao ni ya kulala huko huko kwa miezi kadhaa kwa malipo ya kila mwezi, na wengi wa niliowakuta walikuwa wakitoka katika heroini. Sizibezi nyumba hizo, kwani zipo familia ambazo leo zisingekuwa na mtoto wao kama zisingekuwepo. Nasema tu kwamba mtu mwenye ajira, mkopo wa benki na ada za watoto hawezi kutoweka kwa miezi bila kueleza alikokwenda, na kueleza ndiko anakokuogopa. Ipo pia mikutano ya mtandaoni ya Alcoholics Anonymous (ushirika wa kimataifa wa watu wanaosaidiana kuacha pombe), ambayo iliongezeka sana wakati wa UVIKO-19 na hufanyika saa zote za usiku na mchana. Inamfaa anayemudu Kiingereza, mwenye bando la kutosha na chumba cha faragha. Kwa sisi wa nyumba za kupanga zenye kuta nyembamba, jirani naye atakuwa amehudhuria mkutano huo huo.

Aliyejua mahali pa mkutano alikuwa mhudumu wa baa. Ni dada ambaye kwa muda mrefu amekuwa akiona wateja wake wakipotea mmoja mmoja, na ambaye, tofauti na sisi tuliokaa nao meza moja, huuliza walikokwenda. "Kaka, wapo wanaokwenda kule kwenye chumba cha nyuma cha kanisa kila Ijumaa," aliniambia huku akifuta meza, "wanakaa tu wanaongea, halafu huku hawarudi." Sijapata kusikia tangazo la kikundi hiki lililo bora kuliko hilo, na limetolewa na mtu ambaye mauzo yake yanapungua kwa sababu ya kikundi hicho hicho.

Anayejua historia ya vikundi hivi hatashangaa. Mwezi Mei 1935, William Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York ambaye alikuwa na miezi michache tu tangu aache pombe, alikwama katika mji wa Akron, jimbo la Ohio nchini Marekani, baada ya shughuli iliyompeleka huko kuharibika. Akiwa katika ukumbi wa hoteli, huku akisikia kelele za baa ya humo ndani, alisimama mbele ya simu na orodha ya makanisa ya mji, akaanza kupiga akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Simu hizo zilimfikisha kwa mama mmoja wa mjini humo, na mama huyo akamkutanisha na daktari wa upasuaji, Robert Smith, ambaye naye alikuwa ameshindwa kuacha. Tarehe 10 Juni mwaka huo, siku Smith alipokunywa kwa mara ya mwisho, ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous. Mtu aliulizia, na mtu mwingine asiyekuwa mlevi akajua wa kumpeleka kwake. Bila huyo wa pili pasingekuwa na kikundi chochote cha kutathmini.

Hata utafiti unaelekea upande huo. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyochapishwa mwaka 2020, yakijumuisha tafiti 27 zenye washiriki 10,565, yalionyesha kwamba programu za kitabibu zinazowaunganisha wagonjwa na mikutano ya aina hii ziliwawezesha watu wengi zaidi kuacha kabisa na kuendelea kuacha, kuliko tiba nyingine zilizolinganishwa nazo, zikiwemo tiba za mazungumzo zinazoheshimika. Wanaotaja matokeo hayo mara nyingi husahau kwamba mgonjwa hakuambiwa tu aende akatafute. Mtaalamu alimweleza mkutano ni kitu gani, akamhimiza, akamfuatilia kama amefika, na katika baadhi ya programu akamkutanisha na mwanachama kabla ya siku ya kwanza. Hapa kwetu kazi hiyo ya kitaalamu, kwa upande wangu, ilifanywa na yule dada wa baa, bila malipo.

Sasa niingie ndani. Mkutano hufanyika Ijumaa saa kumi na moja na nusu jioni, si mbali na katikati ya mji, na saa hiyo imechaguliwa kwa akili. Ndiyo saa ambayo mabasi ya watumishi kutoka Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, yanashusha watu, wiki imekwisha, pengine posho imeingia kwenye simu, na wenzako wanaulizana wakutane wapi. Mkutano wa Jumamosi asubuhi ungekuta watu wameshakunywa tayari. Chumba kina viti vya plastiki, meza moja, birika la chai na sahani ya karanga. Hakuna daftari la mahudhurio, jambo lililonishtua kama mkaguzi na kunipa nafuu kama mtu. Hakuna kiingilio wala ada. Hupitishwa kikapu, na mwenye uwezo hutia chochote kwa ajili ya chai na umeme. Sharti la uanachama ni lile lile la vikundi vyote vya utaratibu huu, yaani nia ya kuacha kunywa, na hakuna anayekupima nia hiyo ina ukubwa gani.

Mwongozaji hubadilika kila wiki. Husomwa hatua moja kati ya zile 12 za kupata nafuu zilizoandikwa na Alcoholics Anonymous, kwa Kiswahili, kutoka katika nakala zilizorudufiwa mara nyingi mno kiasi kwamba mistari ya chini ya ukurasa imebaki ya kukisia, kisha kila apendaye huzungumza kwa dakika chache. Hakuna anayelazimishwa. Hakuna pia anayemjibu, kumshauri wala kumkosoa aliyezungumza, na kwa watu waliolelewa katika vikao vya ukoo, ambako kila neno la mdogo hufuatwa na mawaidha ya mkubwa, kusikilizwa namna hiyo ni jambo geni kabisa. Wiki za mwanzo unasubiri kukaripiwa na hukaripiwi, na ni kutokana na hilo tu kwamba watu huanza kusema yaliyo kweli. Yanayosemwa humo hubaki humo, kwa hiyo sitayaandika.

Utaratibu wa asili unataka kila mtu ajitaje kwa jina lake la kwanza na aitwe hivyo. Hapa umebadilishwa kidogo, na umebadilishwa vizuri, kwa kuwa hakuna kijana anayeweza kumwita mtu wa umri wa baba yake jina tupu kisha akatulia kumsikiliza. Watu huingia kwa shikamoo na marahaba kama mahali pengine popote, huitana Mzee, Mama, kaka na dada, na jina hutajwa na mwenyewe tu anapoanza kuzungumza. Vyeo havitajwi. Nimekaa karibu na mtu ambaye huenda hoja zangu za ukaguzi zimewahi kumnyima usingizi, na hatukuulizana.

Kilichonifanya nikiamini kikundi hiki ni namna kinavyompokea mtu anayekunywa kila siku. Nilidhani angepigiwa makofi kwa kutangaza kwamba anaacha usiku huo huo. Badala yake mwanachama mzoefu humvuta pembeni na kumuuliza kwa sauti ya chini: mara ya mwisho umekunywa lini, mikono inatetemeka asubuhi, huwa ni lazima uzimue ndipo uweze kufanya kazi, umewahi kuanguka kifafa ulipokosa? Akijibu ndiyo, huelekezwa hospitali kwanza. Ni busara, kwa sababu mwili uliozoea pombe nyingi kwa muda mrefu unaweza kudhurika vibaya unapokatiwa ghafla: kutetemeka na jasho huanza ndani ya saa chache, degedege linaweza kutokea kati ya saa 6 na saa 48 baada ya kinywaji cha mwisho, na kuweweseka kwa kuona na kusikia yasiyokuwepo huja zaidi kati ya siku ya pili na ya nne, na hali hiyo ya mwisho huweza kuua isipotibiwa. Hospitali ina dawa za kuyazuia hayo, hasa diazepamu, pamoja na vitamini B1 ya kuulinda ubongo. Kikundi hakina, na kinakiri kwamba hakina. Mtu asiyejua kiwango cha tatizo lake hupewa karatasi ya yale maswali 10 ya Shirika la Afya Duniani kuhusu unywaji, ambayo majibu yake hujumlishwa hadi alama 40, na alama 8 kwenda juu humaanisha kwamba unywaji huo tayari una hatari. Karatasi hiyo hujazwa nyumbani na hairudishwi kwa yeyote.

Kuhusu hospitali kuna ugumu ambao Dodoma inaujua kuliko miji mingine. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, Mirembe, ipo hapa hapa, na nchi nzima imeligeuza jina lake kuwa mzaha wa kumtajia mtu unayemwona hana akili timamu. Kwa hiyo mtu yuko tayari kutetemeka chumbani kwake siku tatu kuliko kuonekana akishuka kwenye bajaji getini pale. Mzaha huo umetugharimu watu. Kikundi hukabiliana nao kwa njia rahisi: mwanachama mmoja huenda na mgonjwa, hukaa naye kwenye benchi, na wakiulizwa hujibu kwamba wamekuja pamoja.

Mada za mazungumzo ndizo zilizonirudisha wiki baada ya wiki, kwa sababu zimetoka katika maisha ya hapa. Mtu anayejitoa pombe Dodoma ana maswali ambayo kitabu cha mbali hakiyajui. Atakwendaje mnada wa Msalato Jumamosi, ambako nyama choma na bia vimekuwa kama kauli moja, na aondoke saa ngapi? Mkulima wa zabibu, ambaye ada za watoto wake hutoka kwenye mashamba ya mizabibu, aseme nini na nafsi yake wakati wa mavuno? Mjumbe wa kamati ya harusi afanyeje, ikiwa vikao vyote vya kamati hufanyika baa na mwenyekiti hufungua kikao kwa kuuliza kila mmoja anakunywa nini? Swali hilo la mwisho lilituchukua muda mwingi kuliko yote, na majibu yalikuwa ya kutendeka: lipa mchango wako mapema ili usilazimike kukaa, omba ukatibu kwa sababu anayeandika hapewi chupa kila mara, au sema tu kwamba unatumia dawa, kauli ambayo kwa wengi wetu haikuwa uongo. Nimehudhuria semina nyingi za gharama kubwa ambazo hazikunipa ushauri ulio wazi kiasi hicho.

Baada ya wiki chache mgeni huhimizwa kuchagua mlezi, yaani mwanachama aliyeacha zamani ambaye mgeni huyo anaweza kumpigia simu wakati wowote hamu inapomzidi. Sitasema mengi kuhusu wangu isipokuwa kwamba ni mtu wa maneno machache, na kwamba mara zote alizopokea simu yangu usiku aliniuliza kwanza kama nimekula.

Kasoro zipo. Kwa kuwa chumba ni cha kanisa, sala ya kufunga mara nyingine huelekea kuwa ya kikanisa moja kwa moja, ilhali hatua zenyewe zinamtaja Mungu kwa kadiri kila mmoja anavyomwelewa. Mimi ni Mwislamu, na kuingia uwanja wa kanisa siku ya Ijumaa kulinihitaji kujishawishi kwa muda. Nikishaingia, ningependa nisikumbushwe tena kwamba mimi ni wa kuazima. Niliposema hivyo nilisikilizwa, na tangu hapo waongozaji wengi hujitahidi, ingawa si wote. Muda nao hauheshimiwi. Mkutano umepangwa kuwa wa saa moja, lakini yupo kila mara msemaji mmoja ambaye dakika zake hazihesabiki, na wiki hizo Magharibi hunikuta bado nimekaa kwenye kiti cha plastiki.

Kasoro kubwa zaidi inawahusu wanawake. Ni wachache, na si kwa sababu hawanywi. Mwanamke anayesimama mbele ya wanaume na kusema yeye ni mlevi analipa bei ambayo mimi sikulipa, hasa kama mmoja wa wasikilizaji anafahamiana na wakwe zake, na hakuna kanuni ya siri itakayomtoa wasiwasi huo. Pendekezo la kuwatengea mkutano wao, wauongoze wenyewe, limetajwa zaidi ya mara moja na halijapata wa kulitekeleza. Hali kadhalika jamaa za walevi. Tangu mwaka 1951 kuna vikundi vya Al-Anon kwa ajili ya ndugu na wenzi, vilivyoanzishwa na Lois, mke wa yule Wilson, pamoja na mwenzake, lakini hapa wake na mama zetu husubiri nje chini ya mwarobaini, wakifahamiana vizuri wao kwa wao, bila mtu aliyewaandalia hata birika la pili.

Narudi kwenye hati yenye shaka. Wanachama wa zamani wanalinda mahali pa mkutano kwa bidii ile ile wanayolindia majina, na wakiulizwa hutaja Mapokeo ya kumi na moja, mojawapo ya kanuni 12 za kuendesha vikundi vya Alcoholics Anonymous, yanayosema kwamba vikundi hivi huvutia watu badala ya kujinadi. Nimeyasoma Mapokeo hayo kwa jicho la kazi yangu. Yanachokataza ni kunadi na kumtaja mwanachama katika magazeti, redio na filamu. Hayasemi popote kwamba siku, saa na mahali viwe siri, na katika nchi nyingi ratiba za mikutano huchapishwa wazi. Kuficha jina la mtu ni ahadi tuliyompa. Kuficha mlango hakumlindi yeyote aliye ndani, kwani wapita njia wa mtaa ule wanajua vizuri sisi ni akina nani. Kunamzuia tu yule ambaye bado yuko nje, na ambaye hamu yake ya kuacha inaweza kudumu jioni moja tu.

Niliwasilisha hoja hiyo katika kikao cha kikundi, na kikakubali nusu yake. Namba ya simu ya kikundi, isiyo ya mtu binafsi, itapelekwa kwenye kliniki za afya ya akili na ofisi za ustawi wa jamii katika hospitali za mji zitakazoipokea. Suala la kibao getini limeahirishwa mpaka wenye kanisa waulizwe. Ndiyo sababu hata tathmini hii haitaji mtaa, na msomaji atakayeona kwamba nami nimemfungia mlango ana haki ya kulalamika, nami nitalipeleka lalamiko lake kwenye kikao kijacho.

Kwa sasa anayetafuta aende katika hospitali iliyo karibu naye, aulizie kikundi cha wanaoacha pombe, na mhudumu wa kwanza akisema hajui, asiondoke, bali aombe kuonana na afisa ustawi wa jamii. Akifika kwenye mkutano huku akiwa amekunywa hatafukuzwa. Ataombwa asikilize tu siku hiyo na azungumze wiki inayofuata. Kanisa likiwa na shughuli zake Ijumaa, mkutano huhamia Jumapili saa tisa alasiri katika chumba hicho hicho.